Shajara ya bustani, Kasese: miti iliyochanua wakati si wake

Januari, kiangazi kimekaza

Kuanzia mwezi huu kila mti mkubwa wa bustani ya kikundi chetu una ukurasa wake kwenye daftari. Bustani iko tambarare, chini ya mji wa Kasese, mahali ambapo mto Nyamwamba umeshaacha milima ya Rwenzori na kuanza kutambaa kuelekea Ziwa George. Tuna miembe, ovakado, mafenesi, mistari ya kahawa ya robusta, mapapai, kipande cha mananasi na kitalu cha miche ya kuuza. Mwanzo na katikati ya mwezi tunapita kwenye miti ileile na kuipa alama kuanzia 0 hadi 4 kwa majani mapya, matumba, maua yaliyofunguka, matunda mabichi na matunda mabivu. Pembeni tunaandika mvua, joto la usiku, upepo, na lolote lililoupata mti: kukatwa tawi, kupigwa na mawe ya mvua, kupitiwa na moshi, kusimamiwa na maji.

Sababu ya kazi hii ni swali linalorudi kila mwaka langoni kwetu: "Mti wangu umechanua wakati si wake, una nini?" Majibu ya mtaani yako mawili. Wengine husema ni baraka, shukuru Mungu uandae vikapu. Wengine husema mti unaaga, unazaa mara ya mwisho kabla haujafa. Nimeyasikia yote mawili kuhusu mti mmoja, siku hiyohiyo. Mimi naamini jibu liko nyuma, katika yale yaliyoupata mti wiki au miezi kabla ya ua la kwanza, na hatulipati kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Tena naamini jambo la pili ambalo watu hawapendi kulisikia: maua mengi si mavuno mengi. Daftari litatuambia kama niko sawa.

Wazo hili lilianza mbali na kwetu. Katika msitu wa Kibale, upande wa Fort Portal, Thomas Struhsaker alianza utafiti wake mwaka 1970, na tangu miaka hiyo ya sabini watafiti wa Kanyawara, penye kituo cha Chuo Kikuu cha Makerere, wamekuwa wakirudi kwenye miti ya msitu ule kuandika majani, maua na matunda. Huko Lopé, nchini Gabon, Caroline Tutin na Michel Fernandez walionyesha mwaka 1993 kwamba baadhi ya miti ya msituni haichanui vizuri mpaka usiku wa kiangazi ushuke chini ya nyuzi 19. Nyuzi 19 kwa mtu wa kawaida si baridi, lakini kwa mti ule ndiyo ishara anayoingoja. Na mwaka 2020 watafiti wa hukohuko walitoa hesabu ya miaka 32: uwezekano wa kukuta matunda mabivu msituni ulishuka kwa asilimia 81 kati ya 1986 na 2018, na tembo wa pale wamekonda. Hayo yote yamejulikana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akipita chini ya miti na kalamu. Ndiyo maana sisi tumenunua kipimajoto cha usiku kabla ya kununua jembe jipya.

Januari, siku za mwisho

Mwembe wa langoni umechanua upande mmoja tu. Matawi yanayotazama barabara yamesimamisha mashada ya maua, manjano yaliyochanganyika na wekundu, yakivuma nzi. Matawi ya upande wa pili ni majani matupu. Wapita njia wanasimama kuutazama, na tayari kuna anayesema kwamba kuna mtu amefanya jambo.

Nimerudi kwenye kumbukumbu za mwaka uliopita, chache tulizokuwa nazo. Upande usiochanua ndio uliokatwa matawi wakati wa mvua za mwisho wa mwaka ili kupisha waya za umeme. Baada ya kukatwa ulitoa machipukizi mapya, na machipukizi hayo bado ni machanga. Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi, na katika nchi za joto kama yetu, ambako hakuna baridi kali ya kuuamsha, umri wa chipukizi ndio mwamuzi mkubwa: lazima likomae kwa miezi kadhaa, majani yawe kijani kibichi na magumu, ndipo kiu ya kiangazi iligeuze kutoka kwenye kazi ya majani kuwa kazi ya maua. Chipukizi changa likipata kiu ileile hukaa kimya tu. Kwa hiyo mti mmoja, ardhi moja, jua moja, una pande mbili zenye umri tofauti.

Tumeandika hivyo kwenye ukurasa wake, na nimewaonyesha waliokuwa wakisimama langoni. Wawili wamekwenda kuangalia miembe yao waliyoikata.

Februari

Hakuna mvua. Kopo la kipimo limekauka mpaka buibui ametanda ndani yake. Kasese huwa kavu kuliko sehemu nyingi za magharibi kwa sababu milima inakamata mvua, lakini mwaka huu ukavu umevuka kawaida. Mapapai yamedondosha maua yote na kubakiza vikonyo, na mafenesi yanaangusha vitunda vyake vichanga vikiwa vyeusi.

Kinyume chake ni kahawa. Ukiinua tawi na kutazama kwapa za majani, pale jani linapoungana na tawi, utaona matumba yamejipanga kwa makundi, ya kijani, yamefunikwa utomvu kidogo, madogo kama punje za mchele. Yamefika hapo na kusimama. Hayakui, hayafi. Yamelala.

Usingizi huo ndio siri ya kahawa. Mwaka 1960 mtafiti Mbrazili Paulo Alvim alichapisha ushahidi kwamba kahawa inayonyweshwa kila wakati, bila kuonja kiu, matumba yake huendelea kulala. Ile iliyopitishwa kwenye kiu kisha ikapata maji ndiyo inayochanua. Yaani kiangazi hiki kinachotuumiza kinafanya kazi ndani ya tumba ambayo mvua peke yake haiwezi kuifanya. Kadiri kiu inavyokuwa ndefu na ya pamoja, ndivyo matumba mengi yanavyofikia utayari kwa wakati mmoja, na mvua ya kwanza ya maana, milimita 10 hivi au zaidi, inayakuta yote mlangoni. Kiangazi chenye vimvua vya kuchokoza hufanya kinyume: huamsha wachache leo, wachache wiki ijayo, na mwishowe tawi moja linakuwa na kahawa ya kijani, ya njano na nyekundu, na mvunaji anarudi mti uleule mara nyingi kwa bei ileile.

Jambo jingine la mwezi huu: wenye mashamba ya upande wa kaskazini wamechoma nyasi kusafisha mpaka. Moto haukuvuka uzio, lakini moshi ulilala juu ya kipande chetu cha mananasi jioni nzima mpaka usiku, kwa kuwa upepo ulikuwa umekufa. Nimeiandika kwenye ukurasa wa mananasi, mistari ya karibu na uzio. Mama anayesimamia mananasi ameniuliza moshi unahusu nini na daftari la maua. Nimemwambia tusubiri.

Machi, mvua ya kwanza

Imekuja kwa hasira. Mchana ulikuwa mzito, milima imejifunika, kisha upepo, kisha mawe. Mvua ya mawe huwapiga zaidi watu wa miteremkoni kuliko sisi wa tambarare, ila safari hii imeshuka mpaka kwetu. Imepiga kwa muda mfupi tu, lakini ovakado mkubwa wa katikati, aliyekuwa mbele ya upepo, amebaki na matawi na majani machache yaliyochanika. Chini yake pamekuwa zulia la majani mabichi. Mwembe wa langoni umepoteza vitunda vingi vya upande wa barabara. Mipapai miwili imevunjika shingo.

Pamoja na hayo, kipimo kimesoma zaidi ya milimita 20, mvua ya kwanza ya maana tangu mwaka uanze. Nimeweka alama kubwa kwenye kurasa zote za kahawa.

Pembeni mwa uzio, yale maua mekundu ya mviringo yanayotoka ardhini kwenye kitunguu cha porini yamechomoza bila jani. Vijana wa kikundi walitaka tuyaingize kwenye orodha ya maajabu. Hayamo. Ua lile ndivyo lilivyo: hungoja mvua ya kwanza, huchanua kwanza, majani hufuata. Tukiandika kila kitu kizuri kama ajabu, daftari litatudanganya.

Machi, wiki moja na ushei baada ya mvua

Kahawa imechanua yote. Nimefika alfajiri, na harufu niliikuta barabarani kabla sijaiona bustani. Kila tawi ni jeupe kuanzia shinani mpaka karibu na ncha, na mlio wa nyuki unasikika ukiwa umesimama njiani. Waliokuwa wakienda sokoni wameingia kupiga picha.

Mzee jirani, aliyelima kahawa tangu ujana wake, ameingia naye, akatembea mstari mzima mikono nyuma bila kusema.

"Mzee, umeonaje?" nikamuuliza.

"Nimeona. Sasa tuiombee jua la leo na kesho."

"Lakini mzee, miti yote ni myeupe. Mwaka huu si tutajaza magunia?"

"Weupe hauuzwi, mwanangu. Ngoja uone punje."

Anachojua mzee kwa macho yake ndicho kinachosemwa na wataalamu wa kahawa. Robusta, ambayo ni mwenyeji wa misitu ya nchi hii, haiwezi kujichavusha yenyewe. Arabika ya juu milimani inaweza. Robusta inahitaji chavua ya mti mwingine, usiozalishwa kwa kipandikizi cha mti uleule, iletwe na upepo au nyuki. Na ua lake linakaa wazi siku moja au mbili tu, halafu linanyauka na kuwa hudhurungi. Kuchanua kwa pamoja kunasaidia, maana chavua inajaa hewani na miti yote iko tayari. Lakini ni kuweka kila kitu kwenye siku mbili. Mvua kubwa ikinyesha ndani ya siku hizo, chavua inalowa na kuangushwa, nyuki wanabaki mzingani, na sherehe yote inaishia chini ya mti.

Siku ya kwanza jua limewaka mpaka jioni. Siku ya pili mvua imenyesha kabla ya saa sita mchana. Nimeandika saa yake. Tutajua wakati vitunda vitakapoanza kuvimba.

Aprili, mananasi ya uzioni

Leo mama wa mananasi amenivuta mkono mpaka kwenye uzio. "Njoo uone mwenyewe, maana nikisema utadhani natunga." Ameinama, akafungua majani ya nanasi kwa vidole viwili kama mtu anayefungua kitabu kwa uangalifu, na katikati kabisa, mahali ambapo huwa kuna majani membamba ya kijani, kuna moyo mwekundu unaong'aa, mpana kama sarafu. Hicho ndicho chanzo cha ua na tunda. Tumefungua jingine, na jingine. Mstari wa uzioni karibu wote una moyo mwekundu. Mstari wa pili, nusu. Kuanzia wa nne kwenda ndani, hakuna. Na mimea ya uzioni ilipandwa mwisho. Ingestahili kukaa miezi mingi zaidi.

Hapo ndipo nilipomfungulia ukurasa wa Februari na kumsomea habari ya moshi.

Hii si hadithi mpya duniani. Katika karne ya 19, kwenye visiwa vya Azores, waliokuwa wakilima mananasi ndani ya nyumba za vioo waligundua kwamba moshi unaifanya mimea ichanue pamoja. Puerto Rico wakulima waliwasha mioto ya moshi karibu na mashamba yao kwa nia hiyohiyo, na ni hukohuko, miaka ya 1930, ilipobainika kwamba kinachofanya kazi ndani ya moshi ni gesi ya ethilini. Mmea wenyewe hutengeneza gesi hiyo unapoumia au unapozeeka. Nanasi likiipata kutoka nje husoma kana kwamba wakati wake umefika. Kabaidi ambayo baadhi ya wakulima huitia maji na kuimimina katikati ya nanasi hutoa gesi nyingine, asetilini, inayofanya kazi hiyohiyo. Na moyo huonekana wiki sita mpaka nane hivi baada ya kuamshwa. Hesabu inakubaliana na jioni ile ya Februari.

Mama amefurahi, na ana haki ya kufurahi: atauza wakati wengine hawana. Nimeandika tu swali moja chini ya ukurasa, kwamba mimea hii ilikuwa midogo ilipoamshwa, na ukubwa wa nanasi hufuata ukubwa wa mmea siku ile unapoacha kutoa majani.

Aprili mwishoni, ovakado aliyepigwa mawe

Ukurasa huu ndio umenichukua muda mrefu kuliko mingine.

Ovakado wa katikati alibaki uchi. Wiki za mwanzo hakuonyesha kitu. Kisha matumba kwenye ncha yakavimba, na sasa yanafunguka: kwanza mashada ya maua madogo ya kijani-manjano, na katikati ya kila shada, chipukizi la majani ya rangi ya shaba. Amejaa maua kuliko nilivyowahi kumwona, na huu si mwezi wake.

Mti ukipokonywa majani yake kwa ghafla, matumba yaliyokuwa yametengenezwa tayari na kuzuiliwa huachiwa. Majani yaliyokomaa hupeleka ishara za kuyatuliza. Yakiondoka, kizuizi kinaondoka nayo. Watu wa Batu, karibu na Malang kule Java, wameligeuza jambo hili kuwa kilimo: tufaha, mti wa nchi za baridi, wao huupukutisha majani kwa mkono baada ya kuvuna, nao huchanua tena bila kungoja baridi yoyote, wakavuna mara mbili kwa mwaka. Kwetu Uganda, wanaolima tufaha kwenye vilima vya Kabale nao hupukutisha majani kwa mkono. Mawe ya mvua yamemfanyia ovakado wetu kazi hiyo bila kumwuliza.

Tofauti ni hii. Mkulima wa Batu hupukutisha mti uliokwisha kula na kushiba; amengoja mpaka ghala la mti lina wanga. Ovakado wetu alipigwa mwishoni mwa kiangazi kirefu, akiwa na njaa. Maua haya yote yanalipwa kwa akiba iliyobaki kwenye shina na mizizi, maana majani ya kutengeneza chakula kipya ndiyo kwanza yanachomoza. Kila tunda litakaloshika ni deni.

Tumekaa chini ya mti kikundi kizima. Wengine wamesema tuache yote, Mungu ametufidia hasara ya mawe. Dada wa kitalu amesema tuyakate yote, mti upumzike. Mimi nimependekeza tugawe: upande wa kusini tuache kila ua lifanye liwezalo, upande wa kaskazini, vitunda vikifika ukubwa wa gololi, tubakize kimoja kwa shada na mashada mengine tuyaondoe kabisa. Majani na udongo tuyahudumie sawa pande zote mbili: samadi iliyooza, matandazo mazito yasiyogusa shina, maji siku zisizo na mvua. Wazee wamekubali. Wamesema angalau safari hii tutajua badala ya kubishana.

Shina lililobaki wazi kwa jua tumelipaka chokaa. Gome la ovakado lililozoea kivuli huungua upesi.

Mei, mti wa bondeni

Mvua zimejaa. Sehemu ya chini ya bustani, ile iliyoachiwa mchanga na mawe na Nyamwamba Mei 2020, maji yamesimama. Wenyeji hawahitaji kukumbushwa mwaka ule: mto ulivunja kingo zake, ukaingia mjini, ukaharibu hospitali ya Kilembe, ukaacha maelfu bila makao. Ulikuwa umeshafanya hivyo 2013 na 2014. Tabaka la mchanga lililobaki linapitisha maji juu, lakini chini yake kuna udongo mzito unaoyashika.

Hapo pana ovakado mwingine, wa umri uleule na yule wa katikati. Naye amechanua kwa wingi wa kupindukia. Mtu akiiona miti hii miwili kwa mbali atasema ni ndugu, wamepata heri moja.

Nimewasogeza wenzangu karibu. Kwenye mti wa katikati, kila shada lina chipukizi la majani yanayokua. Kwenye mti wa bondeni machipukizi hakuna. Ni maua peke yake, na majani ya zamani ni madogo, yamepauka, yananing'inia hata asubuhi kabla ya jua. Ncha za juu zimeanza kukauka. Tumefukua kidogo pembezoni mwa kivuli chake, tukatafuta ile mizizi midogo ya kunyonya. Iliyo hai huwa myeupe na hukunjika. Hii ni myeusi na inakatika kama kijiti kikavu. Ovakado ni miongoni mwa miti isiyostahimili kabisa maji yaliyosimama: siku chache tu bila hewa mizizi inaanza kufa, na ukungu wa mizizi unaopenda unyevu humalizia.

Kwa hiyo wale wanaosema "mti unaaga" wameona kitu cha kweli. Mti wenye mizizi iliyokufa, au uliozungushwa jeraha kwenye gome, huacha kupeleka chakula chini. Wanga unalundikana matawini, na matumba yanageuka maua. Unaweza kuzaa msimu huo kuliko misimu yote. Walichokosea ni kuupa kila mti hukumu hiyo. Mti wa katikati umepukutishwa lakini mizizi yake ni mizima. Huyu wa bondeni ana majani lakini hana mizizi. Maua yao yanafanana, na hali zao ni mbali.

Rafiki yetu anayefanya kazi ya bustani Entebbe ameniandikia kwamba aliyaona hayo ziwani. Mvua kubwa za mwisho wa 2019, zilizoletwa na joto la Bahari ya Hindi upande wetu huu wa magharibi, ziliendelea kulijaza Ziwa Victoria mpaka Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, kikipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja tu. Miti ya ufukweni ilisimama majini miezi. Anasema baadhi ya miembe ilichanua sana mwanzoni, watu wakashangilia, kisha ikakauka imesimama.

Mti wa bondeni tunauondolea maua yote na tunachimba mfereji wa kutoa maji. Sina matumaini makubwa, lakini kuuachia matunda ni kuusukuma.

Julai

Mvua zimekatika, na kurasa zimeanza kujibu.

Mwembe wa langoni ulitoa embe za upande wa barabara mwishoni mwa Mei, chache kwa sababu ya mawe, na nyingi zina madoa meusi. Ule ukungu wa madoa hupenda maua na vitunda vilivyolowa. Upande uliokatwa matawi bado haujachanua. Majani yake sasa yamekomaa, na kiangazi hiki kifupi cha Juni na Julai kinaweza kuuamsha.

Kahawa: tumetazama tawi kwa tawi. Mistari ya juu, iliyofunguka mapema siku ya kwanza ya jua, imeshika makundi yaliyobanana. Mistari ya chini, iliyochelewa na kupigwa na mvua siku ya pili, ina mapengo. Kwapa nyingi zina kovu tu. Mzee amekuja, ameona, hakusema "nilikuambia". Amesema tu kwamba mistari ya juu imebeba mno, na ni kweli. Miti mingi ya matunda hujipunguzia yenyewe kwa kuangusha. Kahawa haina uwezo huo, au inao kidogo sana. Ikishika, inabeba, hata kama ni kwa kula majani yake na mizizi yake, mpaka matawi yanakauka kutoka ncha. Baada ya mwaka wa maua ya namna hii ndipo mashamba huharibika, mwaka unaofuata, na mwenye shamba analaumu ugonjwa. Tumeongeza samadi kwenye mistari hiyo, tumeondoa machipukizi ya shinani yanayonyonya bure, na kwenye miti myembamba zaidi tumepunguza punje kwa mkono. Kuna walioumia moyoni kuona punje za kijani zikitupwa. Nami iliniuma.

Ovakado wa katikati: upande wa kusini, ulioachwa, umeangusha karibu kila kitu wiki ya kwanza ya jua kali. Upande wa kaskazini, uliopunguzwa, matunda yaliyobaki yanaendelea kukua, na majani yake ni mapana kuliko ya upande wa pili.

Septemba

Mananasi ya uzioni yalivunwa mwezi uliopita. Yaliiva karibu kwa pamoja, matamu, na madogo. Mengi yanakaa kwenye kiganja. Mama aliyauza haraka kwa sababu soko halikuwa na mengine, ila kwa kipande, na fedha yake haikufika kile ambacho mimea hiyo ingempa kama ingekua mpaka mwisho. Tumepiga hesabu pamoja na kuiandika. Ameamua kwamba mwaka ujao ataamsha kwa makusudi mistari yenye mimea iliyokwisha jaa tu, na watu wa mpakani watuambie kabla hawajachoma.

Ovakado wa bondeni amekauka nusu. Mfereji umesaidia upande mmoja, ambao umetoa majani mapya bila ua lolote, na hiyo ndiyo habari njema kuliko zote kuhusu mti huo. Pale chini hatutapanda ovakado tena. Tutaweka migomba na magimbi yanayovumilia unyevu.

Kahawa ya ua la Machi itaanza kuiva mwishoni mwa mwaka. Mistari ya juu ina alama ya utepe mwekundu, ya chini utepe mweupe, tupime kila upande peke yake na turudie kuitazama mwakani, maana swali la kahawa iliyobeba mno hujibiwa msimu unaofuata.

Majirani wameanza kuleta miti yao daftarini. Mlangoni tumebandika karatasi inayosema mwenye mti uliochanua wakati si wake aje na mambo haya: mvua ya mwisho ya maana ilinyesha lini kabla ya maua, mti ulikatwa, ulichomwa, ulipigwa na mawe au ulisimamiwa na maji lini, na kama kwenye mashada ya maua kuna machipukizi ya majani au hakuna. La mwisho alipige picha, kwa karibu.